Maktaba Ndogo Ikae Wapi?

Wanachuo wenzangu, nianze kwa kuondoa mkanganyiko. Maktaba ninayoizungumzia hapa si ile ya viti vya kugombania wakati wa UE. Kwenye kompyuta, maktaba ni fungu la msimbo lililoandikwa mara moja ili programu nyingine ziliite na kulitumia, badala ya kila programu kuandika kazi ileile upya. Ukifungua picha, programu ya picha haina haja ya kujua yenyewe namna ya kufumbua faili. Inaiita maktaba inayojua, inapewa jibu, maisha yanaendelea.

Sasa swali lenyewe. Unatengeneza mfumo endeshi, yaani ile programu mama inayoiwezesha kompyuta kuwaka, kutunza mafaili na kuendesha programu nyingine zote. Mkononi una maktaba moja ndogo tu, kurasa chache za msimbo. Unaiweka wapi ndani ya mfumo huo?

Jibu la haraka ninalolisikia kila mara ni hili: "Si ndogo tu? Weka popote." Makala hii naiandika kupinga jibu hilo. Udogo wa maktaba hauamui lolote. Kinachoamua ni nani anaihitaji, anaihitaji saa ngapi, na nani atakuwa bado anaitunza siku itakapoharibika.

Nina sababu ya kulifikiria jambo hili. Mimi nasoma ualimu, na pamoja na wenzangu wa fani nyingine tunatengeneza mfumo wa kompyuta za shule uliojengwa juu ya Debian, mojawapo ya familia za Linux. Unalenga mashine kuukuu, zilizo kwenye shule ambazo intaneti inafika kwa nadra na apdeti zinasafiri kwa flashi mfukoni mwa mwalimu. Ndani yake kuna maktaba ndogo inayogeuza saa ya kompyuta kuwa saa za Kiswahili. Kompyuta ikisema 07:00, maktaba inajibu "saa moja asubuhi". Ikisema 13:30, inajibu "saa saba na nusu mchana". Basi, ni hiyo tu kazi yake.

Inaonekana kama mchezo, lakini mwanafunzi wa kidato cha kwanza akikuta kwenye ratiba ya mtihani imeandikwa "2:00", aje saa mbili asubuhi au saa nane mchana? Wote tunajua mtu aliyewahi kupotea hapo. Programu tatu katika mfumo wetu zinaihitaji maktaba hii: ya ratiba, ya kengele, na ya kuchapa mitihani. Kwa hiyo ikikosea, inakosea mbele ya watoto wenye mtihani.

Vyumba vinne

Kwa kurahisisha mambo, tuseme mfumo kama wetu una vyumba vinne vya kuweka maktaba.

Cha kwanza ni kiini, sehemu ya ndani kabisa inayozungumza na vifaa: diski, kumbukumbu, kibodi. Cha pili ni ile maktaba kuu inayoitwa libc, ambayo karibu kila programu inaitumia kwa kazi za msingi kama kufungua faili, kunakili maneno na kusoma saa. Debian inatumia ile inayoitwa glibc. Cha tatu ni maktaba ya pamoja, inayokaa kwenye kifurushi chake na kuwekwa kwenye folda kama /usr/lib, ambapo programu yoyote inayoihitaji inakuja kuichukua. Cha nne ni ndani ya programu yenyewe, ambapo kila programu inabeba nakala yake.

Katika kikundi chetu kila chumba kilipata mtetezi wake. Na kila mmoja alikuwa na hoja, ndiyo maana inafaa kuangalia yaliyowakuta waliotutangulia.

Kiini hakihitaji kujua kwamba ni asubuhi

Kiini cha Linux kina folda yake yenyewe inayoitwa lib. Humo kuna kazi ndogondogo kama kupanga orodha, kuhakiki data na kufumbua mafaili yaliyobanwa. Mtu akiona hivyo anasema, kumbe maktaba ndogo zinaruhusiwa, na ya kwetu iingie. Lakini zile zimo humo kwa sababu moja: kiini hakiwezi kuita libc wala maktaba nyingine iliyo nje yake. Kinaanza kazi kabla hazijawepo. Kiini chenyewe mara nyingi huhifadhiwa kikiwa kimebanwa, na lazima kifumbuliwe kompyuta inapowaka. Msimbo wa kazi hiyo utatoka wapi kama si humohumo?

Kwa hiyo kipimo cha kwanza ni kujiuliza kama kiini chenyewe kinaihitaji kazi hii. Kwenye suala la saa, kiini kinahesabu sekunde zilizopita tangu tarehe 1 Januari 1970 kwa saa za UTC. Hakijui Dodoma wala Mombasa. Hakijui kama ni alfajiri au jioni, na hakina sababu ya kujua. Waliojenga mifumo ya aina ya Unix wana kanuni ya siku nyingi: kiini kitoe uwezo, na maamuzi ya namna ya kuutumia yafanywe nje. Kuhesabu sekunde ni uwezo. Kusema 05:00 iitwe alfajiri au asubuhi ni uamuzi, tena uamuzi ambao watu wa Tanga na watu wa Mbeya wanaweza kubishania mpaka chai ipoe.

Pia kuna hatari. Programu ya kawaida ikikosea, inafungwa yenyewe na nyingine zinaendelea. Kosa ndani ya kiini linaweza kuiangusha kompyuta nzima. Kuweka maneno "saa moja asubuhi" mahali penye hatari ya namna hiyo ni sawa na kutundika kalenda ya ukutani ndani ya kisanduku cha umeme.

Saa ya kuhitajika ni muhimu kama mhitaji

Kuna jambo lingine ambalo vitabu vya kompyuta hulipitia haraka: maktaba inahitajika lini?

Kwa miaka mingi mifumo ya Unix na Linux ilikuwa na folda mbili za maktaba, /lib na /usr/lib. Asili yake ni ya kuchekesha kidogo. Kwenye siku za mwanzo za Unix, miaka ya 1970, diski ya mfumo ilijaa, na Ken Thompson na Dennis Ritchie wakahamishia sehemu ya mfumo kwenye diski ya pili iliyokuwa ya mafaili ya watumiaji, ile /usr. Kutokana na uhaba huo ikazaliwa sheria: vitu vinavyohitajika ili kompyuta iwake na diski ya pili ifunguliwe lazima vikae kwenye diski ya kwanza. Maktaba ya kuwashia iende /lib, nyingine ziende /usr/lib.

Leo diski si tatizo la namna hiyo, na kazi za mwanzo za kuwasha zimehamishiwa kwenye mfumo mdogo wa muda unaopakiwa kwenye kumbukumbu. Fedora iliziunganisha folda hizo katika toleo la 17 mwaka 2012, na Debian 12 ya mwaka 2023 haitambui tena mpangilio wa kuzitenga. Folda zimeunganishwa, lakini swali lililozizaa bado lina maana. Kitu kinachohitajika ili uweze kurekebisha mfumo ulioharibika hakipaswi kutegemea kitu kinachoweza kuharibika.

Kwetu jambo hili lilikuja kwenye skrini ya kuingilia, ile ya kuandika jina na nywila. Kulikuwa na pendekezo kwamba nayo ionyeshe saa za Kiswahili. Ingependeza kweli. Lakini fikiria mwalimu ameleta apdeti kwenye flashi, faili limekatika njiani, na maktaba haifunguki. Kama skrini ya kuingilia inaitegemea, mwalimu hawezi hata kuingia ili arekebishe, na fundi wa karibu yuko kilomita nyingi. Kwa hiyo skrini hiyo imebaki na tarakimu za kawaida, 07:00 mpaka 19:00 na kuendelea. Haipendezi sana, ila inafunguka.

Madesa na kosa la ukurasa wa nne

Tuje kwenye hoja ya kila programu kubeba nakala yake. Uzuri wake unaeleweka: programu inajitegemea, haiulizi mtu. Ubaya wake kila mwanachuo anaujua kwa sababu ya madesa. Mwalimu akitoa notsi zenye kosa ukurasa wa nne, kisha watu 200 wakatoa fotokopi, kurekebisha ile nakala ya kwanza hakumsaidii yeyote. Kosa limeshaenda hosteli, limeenda off-campus, limeenda mpaka kwa mdogo wako wa mwaka ujao.

Hili lilitokea kweli kwenye maktaba inayoitwa zlib, ya Jean-loup Gailly na Mark Adler, iliyoanza kutolewa mwaka 1995. Kazi yake ni kubana na kufumbua data. Ni ndogo, ni ya bure, ni imara, na kwa sababu hizo watu wengi waliichukua na kuinakili ndani ya programu zao. Mwezi Machi mwaka 2002 ikagundulika kasoro: katika hali fulani maktaba iliachia eneo moja la kumbukumbu mara mbili, jambo ambalo mshambuliaji angeweza kulitumia. Dawa ikatoka, toleo la 1.1.4. Kwa programu zilizotumia zlib ya pamoja, kazi ilikuwa kubadilisha maktaba moja na kuziwasha upya. Kwa zile zilizobeba nakala zao, ikabidi kila moja isakwe, irekebishwe na kutolewa upya. Nakala ilikuwemo hata ndani ya kiini cha Linux. Leo ukifungua folda ya lib ya kiini utaikuta zlib imekaa mahali pamoja panapojulikana, na sehemu zote za kiini zinaichukua hapo.

Mfano wa pili uko karibu nasi. Majira ya kila nchi yanatunzwa kwenye hifadhidata moja ya dunia inayoitwa tzdata. Dar es Salaam imo humo, na inaelekezwa kwenye kumbukumbu za Nairobi, kwa kuwa tunatumia saa moja. Tarehe 1 Februari 2021 Sudan Kusini ilirudisha saa zake nyuma kwa saa moja, kutoka UTC+3 kwenda UTC+2. Hakuna aliyegusa kiini kwa ajili hiyo, na libc haikuandikwa upya. Kilichobadilishwa ni kifurushi cha tzdata, na programu zinazosoma humo zikapata jibu sahihi. Ila Java inabeba nakala yake yenyewe ya hifadhidata hiyo. Kompyuta yenye Java ya zamani ingeweza kuwa na tzdata mpya kabisa na bado programu za Java zikasoma saa ya juzi.

Kwa kompyuta za shuleni, hesabu ni nyepesi. Nakala tatu ndani ya programu tatu maana yake ni vifurushi vitatu vya kupeleka kwa flashi kila tunaporekebisha neno moja. Mwalimu akisahau kimoja, kengele itasema saa nne wakati ratiba inasema saa tano. Maktaba moja ya pamoja ni kifaili kimoja.

Lakini cha pamoja kina uzito wake

Ningeishia hapo, makala ingekuwa tamu na isingekuwa kweli yote. Kushirikiana nako kuna gharama, na gharama hiyo ilionekana wazi mwaka 2024.

Tarehe 29 Machi mwaka huo, mhandisi Andres Freund, mmoja wa wanaotengeneza hifadhidata ya PostgreSQL, alitangaza kwamba kwenye maktaba ya kubana data inayoitwa liblzma, ya mradi wa xz, kulikuwa na mlango wa nyuma uliofichwa. Ulikuwa kwenye matoleo 5.6.0 na 5.6.1. Aliugundua baada ya kuona kuingia kwenye kompyuta kwa ssh kunachukua takriban nusu sekunde zaidi. Nusu sekunde! Mlango huo ungemruhusu mwenye ufunguo wake wa siri kuendesha amri kwenye seva za watu. Bahati nzuri uliwahiwa kabla ya kuingia kwenye Debian ile thabiti.

Kinachonihusu hapa ni njia ulimopita. Programu inayopokea watu wa ssh haina haja na liblzma. Lakini Debian, Fedora na wengine waliiongezea kipande kidogo ili iweze kumwarifu msimamizi wa mfumo, systemd, kwamba imeshaanza kazi. Kwa kazi hiyo wakaiunganisha na maktaba ya libsystemd. Na libsystemd, kwa kazi zake nyingine, iliunganishwa na liblzma. Hivyo mlinzi wa mlango akajikuta anatembea na rafiki wa rafiki asiyemjua.

Taarifa yenyewe iliyohitajika ilikuwa nini? Ni ujumbe mfupi wa "READY=1" unaotumwa mahali fulani. Mwezi Julai 2024, OpenSSH toleo la 9.8 ilikuja na msimbo wake mfupi wa kutuma ujumbe huo bila kuigusa libsystemd. Hapo kuandika mistari michache ndani ya programu kulikuwa bora kuliko kuita maktaba ya pamoja.

Sasa weka visa hivyo viwili mezani. Cha zlib kinasema usinakili, shirikiana. Cha xz kinasema usishirikiane na usichokihitaji. Vinagombana? Kwa maoni yangu havigombani, kwa sababu kazi zenyewe si za aina moja. Kubana data ni kazi ngumu, yenye msimbo mwingi na kasoro zitakazogundulika baadaye. Kazi ya namna hiyo iwe na mahali pamoja na mtunzaji anayejulikana. Kutuma ujumbe wa maneno machache ni kazi iliyokwisha, ambayo haitarajiwi kubadilika kesho. Ukiita maktaba nzima kwa ajili yake, umebeba gunia la mchele ili upate kijiko kimoja.

Swali la kujiuliza basi ni kama kazi hiyo itakuja kubadilika. Kama ndiyo, iwe na nyumba moja. Kama hapana, na ni fupi kweli, iandike palepale unapoihitaji.

Mlango wa libc

Kuna mwenzetu aliyesema tusijisumbue, tuiongeze kwenye libc ili kila programu iipate bure. Wazo hilo lina mvuto mpaka umsikilize strlcpy.

Strlcpy ni kazi ndogo sana: inanakili maneno kutoka sehemu moja ya kumbukumbu kwenda nyingine bila kufurika. Iliingia kwenye OpenBSD mwaka 1998, na Todd Miller pamoja na Theo de Raadt wakaieleza kwenye mkutano wa USENIX mwaka 1999. Mifumo mingine ikaichukua. Glibc ikakataa. Hoja za waliokataa zilikuwa kwamba inaweza kukata maneno kimyakimya na programu isijue. Ubishi huo ulidumu zaidi ya miaka 20, na strlcpy ikaingia glibc katika toleo la 2.38, mwezi Agosti 2023. Katika miaka yote hiyo programu nyingi zilibeba nakala zao, na nyingine zikategemea maktaba ya pembeni inayoitwa libbsd.

Ni rahisi kuwacheka glibc kwa ugumu wao. Lakini angalia upande wa pili. Kiini cha Linux nacho kilikuwa na strlcpy yake, na kikaitoa katika toleo la 6.8 mwaka 2024, baada ya kuhamia kwenye kazi nyingine, strscpy. Kiliweza kuitoa kwa sababu walioitumia walikuwa humohumo ndani: walipitiwa faili kwa faili, wakabadilishwa, kisha ya zamani ikafutwa. Libc haina nafasi hiyo. Watumiaji wake wako duniani kote, wengine kwenye programu ambazo msimbo wake haupo tena. Ukishaweka kitu kwenye libc, jina lake na tabia yake ni ahadi ya miaka mingi. Kwa hiyo mlango wake lazima uwe mzito.

Maktaba yetu ya saa bado tunaibishania wapi alfajiri iishe. Kitu kinachobishaniwa hakiwekwi mahali pasipobadilika.

Mzigo wa mwenzio

Kuna swali moja zaidi, na kwangu mimi ndilo kubwa. Nani ataitunza?

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, walisema wahenga, na maktaba ndogo ndizo zinazothibitisha hilo. Mradi wa xz kwa muda mrefu ulitegemea mtu mmoja aliyefanya kazi kwa kujitolea, akiwa amechoka. Aliyeweka mlango wa nyuma hakuvunja dirisha. Alikuja kama msaidizi, akachangia kwa zaidi ya miaka miwili, akaaminiwa, akapewa funguo. Kampuni na seva zisizo na idadi ziliitumia maktaba hiyo, lakini wangapi walijua inatunzwa na nani?

Miradi iliyokomaa inalizingatia hilo inapopanga mahali pa kuweka vitu. FreeBSD inatenganisha mfumo wa msingi, ambao timu yake yenyewe inawajibika nao, na vifurushi vya nje. Mwaka 2002 lugha ya Perl iliondolewa kwenye mfumo wa msingi ikahamia kwenye vifurushi. Haikuwa mbaya; ila kuiweka kwenye msingi kulimaanisha timu ya mfumo kuikimbiza kila inapobadilika. OpenBSD ikafanya kinyume. Baada ya kasoro ya Heartbleed kwenye OpenSSL, Aprili 2014, waliichukua maktaba hiyo, wakaipogoa, wakaiita LibreSSL na kuitunza wenyewe ndani ya mfumo. Mmoja alitoa nje, mwingine akaleta ndani, na wote walikuwa wanajibu swali lilelile: je, tuko tayari kuulea huu mzigo?

Kwenye mradi wa wanachuo swali hili linauma zaidi. Sisi tuna miaka mitatu, minne hivi, kisha joho, kisha kila mtu na njia zake. Kompyuta ya shule inaweza kubaki pale miaka kumi. Msimbo ukizikwa ndani ya programu tatu, nani wa mwaka wa kwanza atakayejua kwamba upo?

Tulikofikia

Tuliamua maktaba ikae chumba cha tatu: maktaba ya pamoja, kwenye kifurushi chake kidogo. Haiitegemei maktaba nyingine yoyote zaidi ya libc, ili isije ikavuta marafiki wa rafiki. Mipaka ya alfajiri, asubuhi, mchana, jioni na usiku imetengwa kwenye faili la maandishi ya kawaida, kwa mfano wa tzdata, ili shule iweze kurekebisha maneno bila kugusa msimbo. Inashughulika na saa tu, haigusi siku. Tulilazimika kuliwekea mpaka hilo, kwa sababu kwa watu wengi wa pwani usiku wa Ijumaa ni ule unaoanza jua la Alhamisi linapozama, na kompyuta inabadilisha siku saa sita usiku. Huo ni mjadala wa kifurushi kingine, siku nyingine.

Kuna pia jedwali la mistari 24, mstari mmoja kwa kila saa, lenye jibu sahihi la kila mmoja. Kila msimbo unapoguswa, kompyuta inalipitia jedwali lote na kulinganisha. Sisi wa ualimu tunaliita kwa jina letu: mwongozo wa usahihishaji. 00:00 lazima itoe saa sita usiku. 18:00 lazima itoe saa kumi na mbili jioni. Mtu mpya asiyetufahamu anaweza kubadilisha msimbo leo jioni na kujua palepale kama ameharibu.

Uamuzi huu una gharama. Programu ya kuchapa mitihani haiwezi tena kupelekwa peke yake. Kifurushi cha saa lazima kisafiri nayo, na mwalimu anayenakili faili moja tu kutoka kwenye flashi atakwama. Kwa hiyo kwenye flashi tunaviweka vyote pamoja, na maelekezo ya nusu ukurasa yanayosema kipi kinasakinishwa kwanza.

Kwa yeyote mwenye mradi wa namna hii, uwe wa kompyuta, wa simu au hata wa kikokotoo, nashauri maswali yaulizwe kwa mpangilio huu kabla hamjaanza kubishana juu ya folda. Kiini kinaihitaji? Inahitajika kabla mfumo haujakaa sawa? Programu ngapi zinaihitaji? Kazi yake itabadilika? Inavuta nini nyuma yake? Nani anaitunza leo, na nani atakayepokea akihitimu?

Swali la mwisho sisi tumelijibu kwa majina mawili juu kabisa ya faili la maelezo: moja la mwaka wa tatu, moja la mwaka wa kwanza. La mwaka wa tatu likifutwa Julai, la mwaka wa kwanza litakuwa limeshakaa hapo mwaka mzima, na chini yake patahitajika jingine.